Gia ya Pili kwenye Mlima wa Kibakwe

Nilirudi Dodoma mwezi wa tano, upepo wa baridi ukiwa umeanza kupiga, nikiwa na begi moja ambalo nilikuwa nimelizoea kuliko chumba chochote nilichowahi kupanga. Nilikuwa nimetoka Tunduma. Kabla ya Tunduma nilikuwa Geita, na kabla ya Geita nilikuwa Tabora kwenye tumbaku, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kupakumbuka mahali nilipotoka. Safari hii nilikuja kumjulia hali baba mdogo, mume wa mdogo wake mama yangu, ambaye alikuwa amepata kiharusi. Nilipanga kukaa siku chache tu.

Nilimkuta Mkonze, uani kwake, amekaa kwenye kiti cha plastiki akiitazama pikapu yake. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kushoto. Mkono ulikuwa umeanza kurudi. Maneno yalikuwa yamerudi yote, pamoja na yale ambayo mama mdogo alisema yangebaki huko huko yalikokuwa. Mguu ndio uliokataa, na mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyokaa, na ilikuwa imeingia nchini wakati mimi bado natafuta kazi yangu ya kwanza. Baba mdogo alikuwa akiitumia kubebea mizigo ya watu, kisha biashara ilipopungua ikabaki na kazi moja kubwa: kumpeleka mama mdogo shambani Kibakwe na kumrudisha na vitunguu. Shamba lile mama mdogo aliachiwa na mama yake mzazi. Liko bondeni kando ya kijito, na hata kiangazi linapata maji ukiwa na pampu. Basi la Kibakwe lipo, lakini basi halibebi pampu, wala samadi, wala magunia ya kutosha kumfanya mtu aseme analima.

Binti yao wa kwanza, mtumishi wa serikali kule Mtumba, ndiye aliyekuwa akilipia matengenezo tangu baba yake aumwe. Nilikuwepo jioni aliyokuja kuzungumza nao. Hakuja kwa ukali. Alileta matunda, akambadilishia baba yake soksi, halafu akasema alilokuja kulisema. Matairi atanunua. Breki atatengeneza. Lakini giaboksi ilikuwa imeanza kulia, na giaboksi hatailipia. Siku itakayokufa, pikapu itauzwa hivyo hivyo ilivyo, na shamba litakodishwa kwa mtu aliye karibu nalo. Mama mdogo alisikiliza huku akichambua mchele. Kuanzia jioni ile, mtu aliyeuliza habari za giaboksi pale nyumbani alikuwa anauliza habari za shamba.

Mimi nina leseni, na nimeendesha magari ya watu sehemu nyingi. Waliniomba nikae msimu huo mmoja, mpaka vitunguu vitoke. Nikakubali, nikaliweka begi langu chini ya kitanda ambako ningeweza kuliona.

Tangu ainunue, baba mdogo hakuwa amemwachia mtu mwingine usukani wa pikapu ile. Hata bintiye alijifunza kuendesha kwa gari la chuo cha udereva. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza niliyoiwasha, yeye alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wangu, fimbo mkononi, na nilipoigusa tu pedali ya klachi akagonga bodi kwa fimbo.

Nilidhani najua kuendesha. Kumbe nilijua kulifikisha gari linakokwenda, na alichotaka yeye kilikuwa kitu kingine. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, alisema, oili ya giaboksi inakuwa nzito kama uji uliopoa, kwa hiyo usiidai gia ya pili kabla hujatembea kidogo na namba moja. Mkono ukishamaliza kubadili gia urudi kwenye usukani. Ukiuacha juu ya mkono wa gia, uzito wake unasaga vyuma vya ndani bila wewe kuhisi. Mguu ukishamaliza na klachi ukae sakafuni, usiegemee pedali kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani. Oili iwe namba tisini na si ile ya injini, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni kitu kimoja. Na kwenye mteremko usiende frii. Alinitazama vizuri alipofika hapo, maana madereva wengi wa huku wakiona mteremko huondoa gia ili kuokoa dizeli, na alijua nami nilikuwa mmoja wao.

Gia ya pili ilikuwa na masharti yake peke yake. Kwanza kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, subiri, kanyaga tena ndipo uingize. Lile neno subiri ndilo lililonishinda. Nikisubiri kidogo mno inakwaruza, nikisubiri sana gari limeshapoteza nguvu. Akaniambia yeye hupima kwa bismillahi moja, isiyo ya haraka. Nikajaribu. Iliingia laini kama mtu anayeketi.

Njia ya Kibakwe mpaka Mpwapwa haina shida. Unapita Ihumwa, unaiacha reli, unakwenda na upepo na vumbi jeupe mpaka milima inapokujia mbele. Ni baada ya Mpwapwa ndipo barabara inapoanza kukuuliza maswali. Inapanda, inakata kona, inashuka kwenye daraja dogo na kupanda tena.

Katika safari yangu ya kwanza, kwenye mlima baada ya daraja moja, nilimwona bibi mmoja anapanda taratibu na kifurushi kichwani. Mtu aliyelelewa huku hampiti bibi mwenye mzigo na gari likiwa na nafasi. Nikasimama pale pale mlimani, nikavuta handibreki, nikamwamkia.

Aliitikia marahaba, halafu akaitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Umesimamia nini hapa?"

Nikamwambia nimesimama nimpakie.

"Hapa hatupandii. Gari hili nalijua, hili linasimama juu kwenye tambarare. Unataka kuua giaboksi ya watu?"

Mama mdogo, pembeni yangu, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika. Bibi akamsalimia kupitia dirishani kwa utulivu kabisa, wakaulizana hali za nyumbani, akaulizia mguu wa mgonjwa, halafu akanirudia mimi na kuniambia nirudi nyuma taratibu mpaka darajani, nianze mlima upya. Alipojua mimi ni mtoto wa dada, yule anayezunguka, aliuliza kama huko ninakozunguka hakuna milima. Akashika njia ya mkato na kifurushi chake. Tulipofika juu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye jiwe pamoja na watu wengine, wote wanangoja pikapu pale pale ilipozoea kusimama.

Ndipo mama mdogo aliponieleza. Gari lililojaa likianza kutoka mlimani, klachi inaungua na gia ya kwanza inabeba mzigo wote. Kwa miaka mingi mumewe aliwakatalia watu kupanda mlimani, lakini hakumnyima mtu lifti. Aliwapungia mkono akiwapita na gari, akawangojea juu. Mwanzo walimtukana, wakasema ana maringo ya mjini. Baadaye wakazoea kutembea mpaka mahali palipo sawa. Sasa barabara nzima ilikuwa na vituo ambavyo hakuna aliyeviandika popote, na vyote viliwekwa na giaboksi ile.

Msimu ukaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulipeleka samadi, tukapeleka pampu, miche ikashika. Nilianza kuipenda ile njia, na kwangu hiyo ni dalili mbaya, maana nikishakipenda kitu naanza kukikumbuka kabla sijakiacha. Kule shambani, jioni, mama mdogo akiwa bado ndani ya matuta, nilikuwa nakaa kwenye bodi ya pikapu na kuwaza Tabora, vumbi lake jekundu na harufu ya mabani ya kukaushia tumbaku, ingawa nilipokuwa Tabora sikuwa na furaha yoyote ya kutaja.

Mwezi wa nane gia ya pili ilianza kuchomoka. Unaiweka, inakaa, halafu kwenye mteremko ukiondoa mguu kwenye mafuta inaruka yenyewe na kurudi kati. Tuliipeleka Ihumwa kwa fundi aliyezoea kuitazama, mtu wa makamo ambaye alikuwa rafiki wa baba mdogo kwa namna ya kugombana. Alifungua kizibo cha oili, akachovya kidole, akakigeuza juani. Kidole kiling'aa unga wa shaba. Alisema gia ya pili imelika, ataifungua tukitaka, lakini akiifungua atakuta na mengine, na vipuri vya giaboksi ile siku hizi vinatafutwa kama mtu aliyepotea. Ushauri wake ulikuwa tuiache, tubadilishe oili, tuishi nayo kwa adabu. Msimu huu ingefika. Mwingine, labda. Kisha akamwulizia mgonjwa, akasema anamkumbuka, maana hakuna mteja mwingine aliyekuwa akimlaza chini ya gari halafu anamwuliza maswali kama mwalimu.

Tulikuwa tunarudi kutoka hapo, mimi na mama mdogo, tumesimama kungoja treni ya mizigo ipite, aliponiambia bila kunitazama:

"Utaondoka tukishavuna."

Halikuwa swali. Nilisema bado sijaamua. Akasema kila basi linalopita njia ya Singida naligeuzia shingo, na kwamba hanilaumu, marehemu babu yangu alikuwa hivyo hivyo. Mabehewa yalipita, yakaisha.

"Basi nifundishe kabla hujaondoka," akasema.

Mama mdogo wakati huo alikuwa amepita miaka hamsini. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha abiria maisha yake yote ya ndoa na hakuwahi kugusa usukani isipokuwa kuufuta vumbi.

Alimwambia mumewe usiku huo huo, baada ya kula. Baba mdogo alijibu kwa upole, na nadhani ndiyo maana lilimwuma zaidi mama mdogo. Alisema anayejifunza hukwaruza gia, hilo haliepukiki, yeye mwenyewe alikwaruza gari la mtu mwingine. Gari zima linaweza kuvumilia. Hili halitaweza.

"Gia ya pili haiwezi kumbeba mwanafunzi, mke wangu."

"Huyu akiondoka nani ataendesha?"

Baba mdogo akaugeukia mlango, upande wa pikapu.

"Umeitunza miaka yote hii. Sasa unamtunzia nani?"

Nilitoka nje. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha baba mdogo karibu na pikapu, na kwa mara ya kwanza niliona ugumu wake yeye. Kama ingekaa pale uani bila kuguswa, giaboksi ingedumu kuliko sisi wote, na shamba lingekodishwa. Kama mkewe angeishika, ingeweza kufa mikononi mwake wiki ya kwanza, na shamba lingekodishwa vile vile. Kila kitu alichokijua kuhusu kuidumisha kilikuwa kinamwambia asimpe mtu.

Zilipita siku ambazo hawakulizungumza. Wakala, wakasikiliza redio, wakaulizana dawa. Kisha Jumapili moja asubuhi alivaa viatu, jambo ambalo lilikuwa linamchukua muda, akaniambia nitoe gari. Nikauliza tunakwenda wapi. Akasema mwite mama yako.

Tulikwenda ng'ambo ya Mkonze, kwenye uwanja mpana ambako watu hupitisha ng'ombe. Mama mdogo aliingia upande wa dereva, akavuta kiti mbele, akavua ndala. Baba mdogo alikaa kando yake, na mimi nikapanda nyuma kwenye bodi, nikiwa nimeinamia kidirisha cha nyuma.

Sitaki kuupamba ule mwanzo. Alizima gari mara nyingi kiasi kwamba wachungaji walisimamisha ng'ombe ili watazame. Alipofanikiwa kutoka na namba moja na kuitafuta ya pili, ulitoka mlio wa chuma kula chuma uliopanda kwenye miguu yangu mpaka menoni. Baba mdogo alijikunja kama aliyepigwa. Alishika tu dashibodi kwa mkono wake mzima. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu mama mdogo alisimamisha gari, akaitazama ile dashibodi na vidole vilivyoing'ang'ania.

"Naomba ushuke," akasema.

"Nishuke?"

"Nikikwaruza sisikii gia. Nakusikia wewe."

Nilimshusha, nikamweka juu ya dumu la maji nililoligeuza. Nikakaa mimi kwenye nafasi yake. Mama mdogo akaenda, akazunguka, akarudi. Kila tulipopita karibu naye nilimwona anakanyaga vumbi kwa mguu wa kulia, kwa wakati kamili, maana wa kushoto haukumtii. Alikuwa akibadili gia pamoja na mkewe. Na baada ya mizunguko kadhaa aliinua mkono tusimame, akachechemea mpaka dirishani, akamwambia mkewe kwamba anasubiri vizuri, ila anakata neno. Anatumia neno gani? Mama mdogo akakiri kwamba bismillahi inamwisha haraka kwa sababu ameizoea. Basi atafute neno jingine, akasema mumewe, ambalo hawezi kuliharakisha.

Alilichagua mwenyewe. Akawa ananong'ona "vitunguu" kati ya klachi na klachi, silabi kwa silabi, na gia ikaanza kuingia. Si kila mara. Mara nyingi. Baba mdogo alicheka mpaka akalazimika kushika mlango.

Mama mdogo aliendesha Jumapili zote zilizofuata, halafu barabara ya nyuma, halafu mpaka Ihumwa wakati hakuna malori mengi, akiwa na leseni ya kujifunzia, na baadaye akafanya mtihani, akafaulu. Alikwaruza. Kila alipokwaruza nilimwangalia baba mdogo, na kila mara alikuwa anatazama mbele.

Tulivuna mwishoni mwa mwezi wa tisa. Safari ya kuleta mzigo mkubwa, mama mdogo alisema ataendesha yeye. Baba mdogo alikuja pia, mara yake ya kwanza Kibakwe tangu augue, na watu walimfuata shambani kumwamkia mpaka tukachelewa kupakia. Mimi nilipanda juu ya magunia.

Kutoka Kibakwe kuja Mpwapwa unapanda kwanza kabla ya kushuka. Tulikuwa katikati ya mlima, tumejaa, gia ya pili imekaa sawasawa, tulipokata kona na kukuta lori limeharibika, limefunga njia, watu wanalisukumia pembeni. Hapakuwa na la kufanya. Mama mdogo alisimama pale ambapo pikapu ile haikuwahi kusimama.

Niliruka, nikatia jiwe nyuma ya tairi. Lori likasogezwa. Kupitia kidirisha nilimwona ameshika usukani kwa mikono miwili. Baba mdogo alimwambia maneno machache, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni: apandishe mafuta, aachie klachi mpaka pua ya gari iinuke, ndipo aachie handibreki. Gari likatetemeka, likanuka klachi, likatoka. Nilikimbia nalo nikadandia. Lilipanda na namba moja, injini inapiga kelele, na wote tuliomo tulijua kwamba haliwezi kwenda hivyo mpaka juu.

Akaitafuta ya pili. Ikakwaruza vibaya, mlio mrefu, watu wa lori wakageuka. Akaitoa. Gari likaanza kupoteza mwendo. Nilisikia akisema neno lake kwa sauti, sasa bila kunong'ona, akaingiza tena. Ikaingia. Baba mdogo akaweka kiganja chake juu ya mkono wa gia na kuubana pale, yeye aliyetukataza wote tusiuguse, ili usichomoke, mpaka tukafika tambarare.

Alisimama hapo juu. Akavuta handibreki.

"Nimeikwaruza," mama mdogo alisema.

"Nimesikia."

"Sana?"

"Sana," akasema baba mdogo. "Lakini tumefika, siyo?"

Kutoka hapo namba tatu ilikuwa na mlio mpya, mluzi mwembamba uliopanda na kushuka na mwendo. Niliusikia mimi na niliona baba mdogo naye ameusikia. Tulipopumzika Mpwapwa alinivuta kando, akaniambia bila masikitiko kwamba meno mengine yamepata jeraha leo, na kwamba giaboksi hii haitafika mbali kama ambavyo ingefika kama angekuwa yeye. Misimu miwili, labda zaidi. Nikamwambia pole. Akashangaa. Alisema misimu miwili ni vitunguu vingi.

Jioni, magunia yakiwa yanashushwa sokoni, binti yao alipiga simu. Alimpigia baba yake, kama kawaida, kuuliza giaboksi ikoje. Nilimwona baba mdogo akisikiliza, akiitikia, kisha akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwa mama mdogo, ambaye alikuwa anabishana na mchukuzi juu ya namna ya kupanga magunia.

"Anauliza habari za gari," akamwambia. "Zungumza naye wewe. Dereva ni wewe."

Mama mdogo alifuta mikono kwenye kanga. Alimwambia bintiye kwamba gia ya pili inasumbua kidogo, ya tatu inapiga mluzi, na oili ibadilishwe kabla ya mvua kwa sababu anataka kupeleka samadi mapema. Bintiye alisema kitu kirefu. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, mwanangu, namba tisini lakini, wasikuuzie ya injini, akarudisha simu na kuendelea na mchukuzi wake.